Umelipa chumba lakini hulali: ufanye nini jirani wa hotelini akipiga makelele?

Kila jioni, katika hoteli za Butembo, Beni, Bunia ao Kisangani, watu wanajaza fishi ya wasafiri, wanaonyesha kadi ya mpiga kura, wanalipa na kuchukua ufunguo. Mmoja ametoka Kasindi na mizigo yake na anapaswa kuamka saa kumi na moja za asubuhi. Mwingine amekuja kuonana na daktari. Mwingine ana mtihani kesho yake. Wote wamenunua kitu kimoja, usingizi. Sabuni ndogo na chupa ya maji ni vya ziada tu.

Halafu, saa nne za usiku, upande wa pili wa ukuta muziki unaanza. Ao ni watu watano wanaocheka. Ao ni mtu mmoja tu, lakini anaongea kwenye simu na ndugu yake wa Kinshasa, mtandao ni mbaya, na kila neno analisema kwa sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo ya mto.

Wengi wanavumilia mpaka asubuhi na kuondoka na hasira. Wengine wanapiga ukuta kwa ngumi. Njia zote mbili hazisaidii kitu.

Ukuta usiofika juu

Sababu ya kwanza ya makelele haya si tabia mbaya ya watu, ni ujenzi. Katika nyumba nyingi zilizogeuzwa kuwa hoteli, ukuta unaotenga vyumba viwili unaishia kwenye plafo. Juu ya plafo, chini ya mabati, kuna nafasi tupu inayopita juu ya vyumba vyote. Na plafo yenyewe ni tripleksi nyembamba. Sauti inapanda kwa jirani, inatembea chini ya mabati, inashuka kwako. Ndiyo maana unaweza kuwa namba 4 na kumsikia mtu wa namba 7 akikohoa, ingawa kati yenu kuna kuta za matofali.

Kisha kuna mlango, na ile nafasi ya vidole viwili chini yake. Kuna pia madirisha ya nako, ambayo hata yakiwa mapya hayafungi kabisa. Mahali hewa inapita, sauti inapita. Sauti nene za bafle, zile tunazosikia kifuani kuliko masikioni, hazihitaji hata tundu, zinavuka ukuta mzima. Kwa hiyo usiku unasikia vishindo bila kusikia maneno ya wimbo, na hata raha ya kujua ni wimbo gani hupati.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema katika miongozo yake ya mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala makelele ya kuendelea hayapaswi kupita desibeli 30, na kishindo cha mara moja moja kisipite 45. Watu wawili wakizungumza kawaida, pasipo ugomvi, wanafikia karibu desibeli 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio linaona kana kwamba sauti imezidi mara mbili. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: mazungumzo ya kawaida tayari ni makubwa mara nane kuliko kile chumba cha kulala kinachoruhusu, kabla hata ya kuwasha redio. Na mwili unaendelea kusikia hata mtu akilala. Moyo unaongeza mapigo, usingizi unakatika vipande vipande, na asubuhi mtu anasema amelala saa saba lakini anajisikia kama hakulala.

Sikiliza kwanza ni nani

Kabla ya kukasirika, mtu asikilize dakika moja ili ajue makelele yanatoka wapi, kwa sababu si yote yana dawa moja. Matanga ya jirani nje ya ua, hakuna mtu wa kwetu atakayeenda kuwaambia wenye kufiwa wanyamaze. Kanisa lenye mkesha, msimamizi wa hoteli hana mamlaka juu yake, ingawa alijua liko pale siku alipokupa chumba cha upande ule.

Lakini mara nyingi makelele ni ya hoteli yenyewe. Nganda iko uani, bafle zimeelekezwa kwenye madirisha ya vyumba, na ukumbi una karamu ya arusi. Jenereta, ile tunayoita grupe, imewekwa nyuma ya ukuta wa chumba cha mwisho. Na vyumba vya pasaji, vinavyokodishwa kwa saa, vimechanganywa na vya wasafiri, hivi kwamba milango inafunguliwa na kufungwa mpaka usiku wa manane. Hapo usimtafute jirani. Mwenye hoteli anayeuza bia mpaka saa sita za usiku na usingizi kuanzia saa tatu katika ua mmoja ameuza vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja. Kwa kawaida anayeshinda ni mnywaji, kwa sababu yeye analipa kila chupa, na wewe umekwisha kulipa.

Usiende kugonga mlango

Hata kama ni jirani kweli, jambo la kwanza si kwenda kwake usiku. Katika majimbo yetu huwezi kujua nani amelala nyuma ya ukuta, amekunywa kiasi gani, wala kama ana silaha. Mwanamke anayesafiri peke yake ana sababu zaidi ya kubaki ndani na mlango umefungwa, maana akitoka kulalamika anaonyesha mtaani mzima kwamba chumba hiki kina mwanamke asiye na mtu.

Kazi ya kuzungumza na jirani ni ya mapokezi. Hoteli nyingi hazina simu ya ndani, kwa hiyo namba ya mtu wa mapokezi wa usiku iombwe wakati wa kuchukua ufunguo, siyo wakati makelele yameanza. Na simu iwe na mayunite. Ukimpigia, usimhadithie maisha yako yote. Sema chumba chako, chumba chenye makelele, tangu saa ngapi, na unachotaka: « Yaya, niko namba 4. Namba 6 wanapiga muziki tangu saa nne. Nina safari saa kumi na moja. Mutume mtu awaambie, ao munihamishe. » Mtu aliyeambiwa hivyo anajua la kufanya. Aliyeambiwa tu kwamba « hoteli yenu ni mbaya » anajitetea.

Ngoja robo saa, kisha piga tena. Asipojibu, mlinzi wa mlangoni, zamu, yuko macho na mara nyingi anajua namba ya msimamizi.

Jioni mapema ni jambo lingine. Ukimkuta jirani kwenye korido saa kumi na mbili, mkiwa wote mmevaa na mna heshima zenu, neno dogo linaweza kuokoa usiku. Afadhali kulaumu nyumba kuliko mtu: « Samahani papa, kuta za hapa ni nyepesi, hata mimi nikikohoa mtanisikia. » Papa huyo ameelewa, na hakuna aliyeshitakiwa.

Mwaka fulani, katika hoteli moja ya Beni, usiku wa pili niliamshwa saa saba na mtoto aliyekuwa akilia chumba cha jirani. Alilia, akanyamaza, akaanza tena. Nilipiga simu mapokezi. Kijana wa zamu ya usiku alinieleza kwamba mama yule alikuwa ametoka kijijini kumpeleka mtoto hospitali, na kwamba homa ilikuwa imepanda. Hakwenda kumgongea. Alikuja na ufunguo wa chumba kingine upande wa mbele, akabeba begi langu, na dakika kumi baadaye nilikuwa nimelala. Asubuhi mama aliniomba radhi, mimi nikamuuliza hali ya mtoto. Kijana yule hakuwa amesomea kazi ya hoteli, lakini alifahamu jambo ambalo wasimamizi wengi hawalijui. Kuna jirani asiyeweza kunyamaza, na hapo anayehamishwa ni mwenye kulalamika, bila kumwongezea bei.

Sauti ambayo si makelele

Kuna pia sauti ambayo mtu hapaswi kuivumilia wala kuihama. Ukisikia mtu anapigwa, mwanamke anaomba msaada, mtoto analia pamoja na vishindo vya mwili kwenye ukuta, hilo si tena jambo la usingizi. Katika hoteli watu wanajiambia upesi kwamba ni mambo ya mume na mke wake. Sheria ya adhabu ya Congo haikubaliani nao, kwa sababu inamwadhibu mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, wakati angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha mwenyewe. Hakuna anayedai uvunje mlango. Kupiga simu mapokezi, kuamsha mlinzi na vyumba vingine, kudai polisi waitwe, hiyo tayari ni msaada. Na watu wanne wakitoka kwenye korido kwa pamoja, mambo mengi yanasimama papo hapo.

Sheria inasema nini juu ya usingizi

Makelele ya usiku, « tapage nocturne » kama kila mtu anavyoyaita hata akizungumza Kiswahili, yanakatazwa mara kwa mara na amri za wakuu wa miji, na mara kwa mara yanarudi wiki chache baadaye. Juu ya amri hizo kuna Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo kifungu chake cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Na kuna kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, cha tangu mwaka 1888, kinachosema kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Hakuna atakayekwenda mahakamani kwa sababu ya usiku mmoja, tunajua bei ya mahakama. Lakini kumtajia msimamizi kifungu hicho kwa utulivu kunabadilisha mazungumzo.

Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Uganda, ambako wafanyabiashara wetu wengi wanalala wakienda kununua bidhaa Kampala, ina kanuni za kitaifa juu ya makelele tangu mwaka 2003. Rwanda iliamua mwaka 2023 kwamba baa zifungwe saa saba za usiku siku za kazi, na saa nane mwisho wa juma. Kila nchi ina shida zake za kutekeleza, lakini mlalamikaji ana karatasi ya kuonyesha.

Wenye hoteli nao wana mambo ya kufanya yasiyohitaji mkopo wa benki. Utepe wa mpira chini ya mlango. Mistari michache ya matofali ya kupandisha ukuta kutoka plafo mpaka mabati. Grupe kuhamishwa nyuma ya stoo. Pasaji kutengewa upande wake. Lakini zile trei za mayai ambazo wengine wanabandika ukutani hazizuii kitu. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini sauti inapita kama kawaida. Pazia zito pia ni vivyo hivyo.

Kabla ya kulipa, na wakati wa kutoka

Msafiri mwenye siku tano asilipe siku tano. Alipe usiku mmoja, alale, kisha aamue, hata kama wanamwahidi punguzo. Aombe kuona chumba, na akiwa ndani asimame kimya kidogo: je, anasikia televisheni ya jirani? Grupe iko wapi? Dirisha linatazama nganda? Leo ni Jumamosi, kuna arusi ukumbini? Ghorofa ya juu kabisa, mbali na ngazi, mara nyingi ni bora, maana hakuna anayetembea juu ya kichwa chako. Vizibo vya masikio vya mpira laini ni rahisi kubeba, lakini vinaweza pia kuzuia sauti ya saa ya kuamka, kwa hiyo mwenye safari ya alfajiri aombe mapokezi wamgongee.

Na yule anayeamka saa kumi kusali kwa sauti akumbuke kwamba tripleksi haichagui maneno ya kupitisha.

Asubuhi, malalamiko yana uzito ikiwa yalitolewa usiku. Mtu aliyekaa kimya mpaka saa moja ataambiwa « kwa nini hukutuambia? », na hatakuwa na jibu. Aliyepiga simu ana saa zimeandikwa kwenye simu yake, saa tano na dakika kumi, saa tano na nusu, saa sita. Azionyeshe, pamoja na risiti, kwa msimamizi mwenyewe, siyo kwa kijana wa usiku ambaye hana ufunguo wa sanduku la feza. Kurudishiwa dola mkononi ni shida. Usiku wa pili bila malipo katika chumba kingine, ao nusu ya bei kwenye risiti mpya, msimamizi anakubali kwa urahisi zaidi, hasa kama kuna wasafiri wengine wamesimama mapokezi wakisikiliza.