UHURU WA 1960: NANI ALIBAKI NA FUNGUO?



Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada hapa Ndosho, kijana mmoja alinifuata inje. Alikuwa ametoka Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, na viatu vyake vilikuwa vingali na udongo wa kule. Akaniuliza: «Baba Pasta, beko banatuambia tukamate bunduki, tukomboe inchi, tuweke serikali ya mupya. Sasa ile uhuru ya 1960, baliipataka namna gani? Na juu ya nini haikutusaidia?»

Nilimuahidi kumuandikia jibu. Lakini najua si yeye peke yake anayeuliza vile katika jamaa zetu, kwa hiyo ninaliweka hapa kwa wote.

Uhuru ulikuja mbio

Mwaka 1955 profesa mmoja Mubelgiji, Van Bilsen, aliandika kwamba Kongo itayarishwe kwa miaka 30, kiisha ipewe uhuru. Wakubwa wa koloni walimukasirikia: waliona miaka 30 ni michache! Lakini tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, watu wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, waliinuka sababu mukutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa. Watu wengi waliuawa. Siku tisa tu nyuma yake, mfalme Baudouin alitangaza kwamba uhuru utakuja.

Mwezi wa kwanza 1960, viongozi wa vyama vyetu waliitwa Bruxelles kwenye Table Ronde, ndiyo kusema Meza ya Duara. Patrice Lumumba alikuwa gerezani; wenzake walidai afunguliwe, naye akafika. Walipatana siku: tarehe 30 mwezi wa sita. Ilibaki miezi mitano tu ya kutayarisha inchi kubwa namna hii.

Mwezi wa tano watu walipiga kura. MNC ya Lumumba ilipata viti kupita vyama vingine, lakini haikufika nusu. Serikali yake ilikubaliwa kwa kura 74 katika bunge la wajumbe 137. Joseph Kasa-Vubu akawa Rais, Lumumba Waziri wa Kwanza. Kutoka Kivu yetu, Anicet Kashamura wa chama cha CEREA alikuwa waziri wa habari.

Kijana wangu, angalia vizuri: wazee hao walifika pale kwa vyama, mikutano na kura. Hawakuunda jeshi la porini. Basi shida ilitoka wapi? Ilitoka kwenye funguo tatu.

Ufunguo wa bunduki

Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000, na hakuna hata Mukongomani mumoja aliyekuwa ofisa. Tarehe 5 mwezi wa saba, uhuru ukiwa na siku tano tu, jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba mambo ya mbele ya uhuru na ya nyuma ya uhuru ni sawasawa. Siku ile ile askari wa Thysville waliasi. Wazungu wengi walikimbia: maofisa, waganga, wakubwa wa maofisi. Wakongomani waliomaliza univasite walikuwa wachache sana, hawakutosha kujaza nafasi hizo.

Ufunguo wa madini

Siku tatu mbele ya uhuru, Ubelgiji ulivunja Comité Spécial du Katanga, ambayo ingeipa serikali mupya nguvu ya kuamua ndani ya Union Minière. Tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi ya peke yake. Askari wa Ubelgiji walimusaidia, na kodi ya shaba ikaingia katika sanduku lake. Mwezi wa nane Kasai ya Kusini, penye almasi, ikafuata njia ile ile. Serikali ya Léopoldville ilibaki na bendera, lakini sanduku tupu. Katanga ilirudi mwaka 1963, nyuma ya damu nyingi.

Ufunguo wa sheria

Loi Fondamentale, sheria kubwa ya inchi, ilipigiwa kura na bunge la Ubelgiji, si letu. Iliweka vichwa viwili, Rais na Waziri wa Kwanza, bila kuonyesha wazi nani ataamua wakikosana. Na walikosana. Tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu alimufukuza Lumumba. Lumumba naye akasema Kasa-Vubu si Rais tena. Siku tisa nyuma, kolonel Mobutu akawaweka wote wawili pembeni. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 Lumumba aliuawa kule Katanga, pamoja na Mpolo na Okito. Mobutu alikamata inchi yote mwaka 1965, akaishika mpaka 1997.

Jibu kwa kijana

Ndiyo maana nakuambia: kufukuza mukubwa ni kazi ya siku moja. Kuweka serikali ni kazi ingine kabisa. Yesu alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: kwanza akae chini, ahesabu.

Mutu akija kwako kwenye machimbo na bunduki mukononi na neno la ukombozi kinywani, umuulize maulizo matatu. Nani atashika sanduku, na nani atasoma hesabu yake? Askari watamutii nani? Na tukikosana, nani atatuamua bila kumwaga damu? Akikosa jibu, ujue anatafuta kiti tu, na wewe atakufanya ngazi.

Anza kujizoeza nyumbani. Katika koperative yenu ya wachimbaji, mutu mumoja asishike peke yake mizani, daftari na sanduku. Hesabu isomwe mbele ya wote. Muliochagua, mukubali kuulizwa. Muliochaguliwa, mukubali kutoka wakati ukifika. Kijana asiyeweza kuuliza hesabu ya franga za koperative, ataulizaje hesabu ya inchi?

Wazazi, zungumzeni na watoto jioni hii: katika nyumba yetu, katika chama chetu, funguo ziko kwa nani?