Mzigo Usioonekana wa Muuguzi wa Wodi ya Akili

Muuguzi wa upasuaji hufunga kidonda, akakiona kikikauka siku baada ya siku. Mwenzake wa wodi ya magonjwa ya akili hana kidonda cha kutazama. Yeye husoma macho, sauti na hata ukimya wa mgonjwa, huku akihesabu funguo, akikagua vitu vyenye ncha kali, na kuhakikisha dawa imemezwa wala haikufichwa chini ya ulimi.

Mzigo huu haupimwi kwa kilo. Mwaka 1988, Sandra Hart wa shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na Lowell Staveland, walichapisha kipimo chenye mambo 6: kazi ya akili, kazi ya mwili, haraka ya muda, juhudi, kero, na namna mtu anavyoyaona matokeo ya kazi yake. Kipimo hicho sasa hutumika hata hospitalini, kwani akili iliyoelemewa husahau, na kusahau wodini kwaweza kugharimu uhai.

Juu ya mzigo huo kuna wa pili, nao ni wa dhamiri. Kijana anakataa sindano saa tisa za usiku. Je, ashikwe kwa nguvu, au abembelezwe hadi alfajiri ilhali wengine wanasubiri? Sheria ya Kenya ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inatambua haki ya mgonjwa kuridhia matibabu yake. Hata hivyo, sheria haiongezi mikono wodini. Kim Lützén, msomi wa uuguzi wa Uswidi, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 1994 juu ya uwezo wa wauguzi wa akili kutambua suala la kimaadili katika hali kama hizi. Muuguzi mwenye uwezo huo humhifadhia mgonjwa heshima yake. Lakini ndiye pia anayeumia zaidi anapojua lililo jema akakosa nafasi ya kulitenda. Mwanafalsafa Andrew Jameton aliliita jambo hilo, mwaka 1984, dhiki ya kimaadili. Dhiki ikidumu, wengine huufanya moyo mgumu ili wasiumie, na hapo huduma hupooza.

Tiba ya kwanza ni wauguzi wa kutosha, mapumziko ya kweli, na kiongozi anayesikiliza baada ya zamu ngumu. Hayo ni ya wakuu wa hospitali. Lakini nasi tuna letu. Jamaa wa mgonjwa, usimfiche muuguzi dawa wala miti shamba aliyotumia mgonjwa wako, na usimtelekeze wodini. Kukutembelea kwako humpunguzia muuguzi kazi ya kuwa ndugu wa kila mtu. Na ikiwa mke, binti au mkamwana wako ndiye muuguzi, akirudi kutoka zamu ya usiku, mwache alale kabla ya kuulizwa habari za jikoni. Aliyekesha akilinda akili za watu naye anahitaji wa kumlindia yake.