Gunia la Kabichi Hulipa Shilingi Ngapi za Tairi?

Msomaji, ikiwa unayo motokaa ndogo ya kuletea mboga au maziwa mjini Nairobi, nataka nikuulize swali moja kabla hatujaendelea. Kila gunia unalolileta sokoni hulipa shilingi ngapi za tairi? Bei ya mbolea unaijua, ya mbegu unaijua, ya petroli unaijua mno, na wachukuzi wa sokoni hawakuachi usahau haki yao. Lakini tairi hulisahau mpaka siku linapopasuka, na siku hiyo fedha za mavuno huishia mkononi mwa mwuza matairi.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, na zamani nilisomea ualimu. Nakaa Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi. Shemeji yangu ni mkulima wa kabichi na sukuma wiki karibu na Kangundo. Tulichanga fedha tukanunua Toyota ya mtumba, ile yenye nyuma ndefu, ili mboga zake zisingojee lori la mtu mwingine. Mara tatu kwa juma yeye huondoka alfajiri, hushika barabara ya Kangundo, hupita kwangu Kayole kuwashushia mama mboga sehemu yao, kisha hufuata Outering Road na Jogoo Road hadi Soko la Wakulima, ambalo watu wengi huliita Marikiti.

Gari lile lilikuwa zuri kwa macho. Aliyetuuzia alikuwa amelivika rimu kubwa za kung'aa, na matairi yake yalikuwa na ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali. Shemeji alizipenda sana. Nami, nikisema kweli, sikuzichukia. Hakuna kati yetu aliyeinama kusoma namba zilizoandikwa kwenye tairi.

Mvua za Aprili zilipoanza, maji yalijaa katika barabara za ndani za mtaa wetu, hata mashimo hayakuonekana. Asubuhi moja gari likiwa na magunia sita lilitumbukia, tukasikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka sakafuni, na upepo wote ukatoka mara moja. Fundi wa pancha alipolivua tairi alituonyesha mikato miwili ubavuni, mmoja karibu na mwingine, mahali ambapo ukingo wa shimo ulibana mpira juu ya chuma cha rimu. Tairi lililokatika ubavu halizibwi. Ye yote anayekuambia atalitia kiraka liendelee kubeba mzigo barabarani, mkatae. Rimu nayo ilikuwa imepinda.

Kabichi zilifika Marikiti saa nne, soko limekwisha kupoa, na wanunuzi wakatoa bei ya kutupa. Hilo lingevumilika. Lakini matairi matatu yaliyobaki yalikuwa yamekaribia kuwa vipara, na katika duka moja la Kirinyaga Road, ambayo wazee waliijua kwa jina la Grogan Road, tuliambiwa kwamba matairi ya namna ile ni shilingi 14,500 kila moja. Manne ni shilingi 58,000. Shemeji alikuwa ameweka akiba ya ada ya binti yake kwa muhula wa pili, na muhula ulikuwa wiki mbili mbele. Alinitazama akasema, "Mwalimu, mtoto atakaa nyumbani kwa sababu ya mipira?"

Hapo ndipo nilipotoa kalamu.

Matairi yale yaliandikwa 225/45R17. Sasa fungua mlango wa dereva wa motokaa yako utazame kwenye nguzo ya mlango. Motokaa nyingi zina karatasi ndogo iliyobandikwa hapo, nayo hutaja tairi ambalo waliotengeneza gari walilikusudia, pamoja na kipimo cha upepo. Katika gari letu karatasi ilisema 195/65R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho hakiandikwi kwa milimita bali ni sehemu katika kila 100 ya ule upana. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kutoka ukingo hadi ukingo, kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4.

Fanya hesabu pamoja nami. Tairi la 195/65R15: sehemu 65 katika 100 za 195 ni milimita 126.75, huo ndio ubavu. Ubavu uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo ni 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni 634.5, na hicho ndicho kimo cha gurudumu zima. Sasa lile la 225/45R17: ubavu ni 101.25, mara mbili ni 202.5, rimu ya inchi 17 ni 431.8. Jumla ni 634.3.

Umeona? Magurudumu mawili yana kimo kimoja. Tofauti yake haifiki unene wa ukucha. Gari halikuinuka hata kidogo kwa kuvikwa rimu kubwa. Kilichoongezeka ni chuma, na kilichopungua ni mpira, yapata inchi moja nzima juu na inchi moja chini. Na mpira huo pamoja na upepo wake ndio mto unaokinga rimu isigonge ukingo wa shimo. Nilipokuwa nikifundisha hesabu za duara, watoto waliniuliza zitawafaa nini, nami sikuwa na jibu zuri. Sasa ninalo.

Kwa hiyo tuliuliza bei ya matairi ya 195/65R15, tukaambiwa shilingi 9,000 kila moja, yaani 36,000 kwa manne. Bei hizi ni zile tulizoambiwa sisi siku ile. Wewe utaambiwa nyingine, maana tangu kiwanda cha matairi cha Nairobi kilichojulikana kwa matairi ya Yana kilipofungwa mwaka 2016, matairi madukani hutoka ng'ambo, na bei hupanda na kushuka pamoja na dola. Lakini uliza saizi mbili katika duka lile lile siku ile ile, za namna moja, uone pengo lake.

Ilibidi pia tutafute rimu za inchi 15, na hapa nikuonye. Mara ya kwanza tulinunua rimu nne za mtumba zenye matundu matano, sawa kabisa na zetu kwa macho, tukazipakia kwenye mkokoteni hadi kwa fundi. Hazikuingia. Duara la matundu ya rimu zile lilikuwa milimita 114.3 na la gari letu milimita 100. Mwuzaji alikubali kuzipokea baada ya maneno mengi na kutukata fedha kidogo. Usinunue rimu mbali na gari lako. Lipeleke gari pale pale ijaribiwe. Wala usishuke chini ya saizi iliyo kwenye mlango ukitafuta urahisi, kwa sababu rimu ndogo mno hugusa breki, na gurudumu lililopungua kimo huifanya mita ya mwendo iseme uongo.

Safari hii tulichagua rimu za chuma cha kawaida, zisizong'aa. Zikipinda, fundi wa Kariobangi huweza kuzigonga zikanyoka. Zile za aluminiamu zikinyoshwa kwa moto hupungua nguvu, na nyingine hupasuka.

Sasa turudi kwenye swali la gunia. Tuseme matairi yakitunzwa yatakwenda kilomita 40,000. Shilingi 36,000 zikigawanywa kwa kilomita hizo ni senti 90 kila kilomita. Safari yetu ya kwenda na kurudi ni kilomita 120, basi matairi hula shilingi 108 kila safari, na kwa magunia sita ni shilingi 18 kila gunia. Kwa yale ya inchi 17 ingekuwa shilingi 174 kila safari, au 29 kila gunia, hata kama yangedumu muda ule ule. Nayo katika njia zetu hayadumu. Shemeji sasa huweka shilingi 110 kwenye simu kila akitoka Marikiti, kabla hajanunua hata chai. Kwa safari tatu kwa juma, baada ya miaka miwili na wiki chache atakuwa na bei ya matairi manne bila kugusa fedha za shule.

Yako mambo mengine ya kutazama dukani. Baada ya saizi utaona namba ya uzito. Kwetu ni 91, na maana yake kila tairi laweza kubeba kilo 615. Ukiuziwa lenye 82 ni kilo 475 tu. Usidhani kuzidisha kwa nne kunatosha, kwa maana magunia sita ya kilo 50 yote yako nyuma, na matairi mawili ya nyuma ndiyo yanayoyabeba. Mwenye pikapu ya mizigo mizito atafute tairi lenye herufi C baada ya saizi, lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tazama pia namba nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huwa na meno mazuri lakini mpira wake umekauka. Na motokaa iliyotoka Japani huenda ikaja na matairi ya theluji, yenye mpira laini na picha ya mlima mdogo ubavuni. Hayo katika joto letu huisha kama sabuni.

Upepo upimwe asubuhi, gari halijatembea, angalau mara moja kwa juma. Kupiga tairi teke si kupima. Tairi lenye upepo mdogo huliwa pande zote mbili, hupata moto, nalo likifika shimoni hubanwa upesi. Lenye upepo mwingi mno huliwa katikati. Likiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayakunyoka, basi mpelekee fundi ayalinganishe kabla hujanunua jingine, la sivyo jipya nalo litakwenda njia ile ile. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira, vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, kazi ya tairi hilo barabarani imekwisha.

Binti alirudi shuleni akiwa amechelewa siku tano. Rimu za kung'aa tuliziuza kwa kijana mmoja wa Umoja, pamoja na ile iliyonyoshwa, naye tulimwonyesha ni ipi. Gari lake haliendi shamba. Matairi yale manne, pamoja na lile lililokatika, shemeji aliyapeleka Kangundo, nayo sasa yamekaa juu ya karatasi ya nailoni inayofunika sileji ya ng'ombe wake wawili. Aliyatoboa kwanza pande zote, maji ya mvua yasitulie ndani yakazaa mbu.