Meseji Siyo Pesa: Hakiki Salio Kabla Mzigo Haujaondoka



Kupima dawa tunajua, kuikataa lumbesa tunajua. Lakini simu, ambamo hela ya mavuno inapita, wengi hatujaijua vizuri.

Msimu huu kijana mmoja katani kwangu aliuza magunia 12 ya vitunguu. Mnunuzi akamwambia, "Nimeshatuma, cheki meseji." Kweli iliingia: kiasi, jina, hadi salio jipya. Gari likaondoka. Jioni akaenda kwa wakala kutoa hela ya vibarua, akakuta salio ni lile lile la asubuhi. Ile meseji ilitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Vitunguu hana, na vibarua wanamdai.

Ndiyo maana kila nikikutana na vikundi vya vijana nasisitiza haya:

1. Ingia kwenye menyu mwenyewe. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#. Angalia salio kabla ya kuuza, kisha angalia tena mnunuzi akisema ametuma. Halijaongezeka? Mzigo haupakiwi. Mtandao ukisumbua, gari lisubiri.

2. Namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe dalali, wakala wala anayejiita mtoa huduma. Mtu akipiga kusema amekutumia pesa kwa bahati mbaya, usimrudishie kwa haraka. Hakiki salio, kisha piga 100 huduma kwa wateja wakusaidie.

3. Laini iwe kwa jina lako. Kama mtaji wako uko kwenye laini iliyosajiliwa na mtu mwingine, siku simu ikipotea utahangaika kuirudisha. Piga *106#, fuata maelekezo, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoifahamu, nenda kwa mtoa huduma wako.

4. Tunza ushahidi. Piga picha mzigo ukiwa kwenye mizani, pamoja na namba za gari. Meseji ya kitapeli usiifute; namba iliyoituma iripoti kwa kuituma kwenda 15040, halafu nenda polisi kama mzigo umeshaondoka.

Usione aibu kumwambia mnunuzi, "Subiri kidogo bosi, nahakiki." Mnunuzi mkweli atakuelewa. Anayekuharakisha ndiye wa kumwogopa.

Vitunguu umevilea miezi kadhaa. Kuangalia salio hakumalizi hata dakika mbili. Usipoelewa menyu, njoo na simu yako ofisini kata tufanye pamoja.