Je, duka lako la dawa ni salama?

Majuzi mama mmoja aliniletea mtoto aliyevimba uso baada ya kumeza tembe. Zilitoka katika bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa. Mtoto alipona, lakini hatujui ni dawa gani iliyomdhuru, na huenda siku moja akapewa tena.

Kwa hivyo, msomaji, uingiapo dukani tazama ukutani kama kuna leseni ya mwaka huu ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa zisikae juani. Insulini iwekwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Dai uandikiwe jina la dawa, kipimo na tarehe ya kuharibika. Anayekuuzia antibiotiki bila cheti cha daktari hakusaidii, anavunja sheria.