Mgeni Asiyebisha Hodi

Mkate wa sinia hautaki haraka. Mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui zito la nazi, hutiwa hamira, iliki na sukari, kisha huachwa uumuke kabla ya kumiminwa katika sinia na kupaliwa makaa juu na chini. Ni kazi ya karibu siku nzima. Ndiyo sababu dada mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alipoamua kurekodi namna nyanya yake alivyokuwa akiupika, alikataa ushauri wa vijana wa mtaani waliomtaka aibane kazi hiyo yote katika dakika moja.

Tulimkuta nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, cherehani ikiwa pembeni na buibui la mteja lingali chini ya sindano. Yeye ni mshonaji na mama wa watoto wanne. Kurekodi video ni burudani yake ya mwisho wa wiki. Haimlipi chochote, wala hajataka imlipe. Vifaa vyake ni simu moja ya mkononi na mkebe wa maziwa ya unga anaoiegemezea. Ametuomba jina lake lisitajwe, nasi tumeona kwamba ombi hilo linalingana na kazi yake yenyewe, kwa kuwa katika video zake zote hauonekani uso wa mtu. Ipo mikono, ipo mbuzi ya kukunia nazi, kipo kifumbu kinachokamuliwa tui, ambacho mabinti wengi wa leo hawajapata kukishika. Na zipo sauti.

Sauti aliyo nayo kama amana ni ya nyanya yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni video moja tu iliyomkuta bibi huyo akiwa bado na nguvu za kukaa jikoni. Yaanza kwa Bismillahi, kisha bibi auliza mchele umeoshwa maji mangapi, kisha amkemea mjukuu wake kwa kutia iliki kwa ubahili. Yachukua dakika arubaini, na mna kimya kirefu ndani yake ambacho mjukuu hakukikata, kwani katika kimya hicho nyanya anavuta uradi huku akingojea mkate uive. Aliipakia kwenye intaneti ili jamaa walioko Maskati na Dubai waione. Watazamaji wake hawajafika mia tatu, na wengi wao ni watu wa ukoo.

"Nilidhani naitundika kwenye ukuta wangu," alituambia. "Kumbe ukuta si wangu."

Aliyemfumbua macho ni binamu yake aliyeolewa Maskati. Alimpigia simu na kumuuliza, kwa haya, kama ni yeye aliyeliweka lile tangazo la kamari. Kabla ya Bismillahi ya nyanya, kulikuwa na kijana akipiga ukelele, akiwahimiza watu waweke dau leo washinde leo. Binamu huyo alikuwa ameketi na mkwewe, na wote wawili waliona haya kuulizana walichokiona. Dada yetu anasema hakulala usiku ule. Hakuwa amepokea hata senti moja. Hakuwa amejiandikisha kulipwa. Wala hakuwapo mtu aliyemuuliza.

Wengi wetu hudhani kwamba tangazo linalotangulia video limewekwa na mwenye video, na kwa hivyo humlaumu yeye. Yafaa tueleze jinsi mambo yalivyo, na tuchukue mfano wa YouTube, kwa kuwa kanuni zake zinajulikana na ndiyo inayotazamwa katika nyumba nyingi zetu. Ilianza mwaka 2005. Video ya kwanza kupakiwa ilikuwa ya sekunde 19, kijana mmoja amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, huko Marekani, akisema maneno machache yasiyo na uzito wowote. Ilikuwa ni mchezo wa watu wa kawaida. Mwaka uliofuata Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65, na hakuna atoaye fedha kama hizo kwa ajili ya mchezo.

Mwaka 2018 iliwekwa kanuni kwamba atakaye kugawana mapato ya matangazo awe na wafuasi wasiopungua 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12. Akikubaliwa, hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yaonyeshwayo katika video zake ndefu. Wadogo wasiofikia kiwango hicho, na wale ambao hawataki fedha, walibaki nje ya biashara hiyo. Kisha, Novemba 2020, kampuni ikabadilisha masharti yake na kujipa haki ya kuweka matangazo hata katika video za watu hao walio nje, bila ya kuwapa sehemu yoyote ya mapato. Masharti hayo yalianza Marekani, na mwaka 2021 yakaenea kwingineko.

Tafakari, msomaji, matokeo yake. Mtu aliyeingia katika biashara hupewa, pamoja na fungu lake, njia ya kukataa baadhi ya aina za matangazo. Yule aliyejiweka mbali kwa sababu ya kuchelea fedha yenye shaka hapati fungu, na njia hiyo ya kukataa pia hana. Aliyeikimbia biashara ndiye asiye na ufunguo wa mlango.

Tulitazamia kumkuta ana hasira, lakini mwenzetu huyu ana mizani. "Wamenipa mahali bure, na wao wataka kodi. Hilo nalielewa, ndugu zangu, hata mimi nalipa kodi ya nyumba. Lakini mpangaji huambiwa kodi ni kiasi gani kabla ya kuhamia. Na mwenye nyumba haingii chumbani kwangu na wageni wake." Tulimkumbusha kwamba masharti hayo yameandikwa, na kwamba aliyakubali siku ya kwanza kwa kubonyeza kidole. Akacheka, akatuuliza ni nani kati yetu aliyepata kuyasoma. Tukanyamaza, kwani hata sisi tulioketi pale na kalamu mkononi hatujayasoma.

Wapo katika jamii yetu watakaosema kwamba dawa yake ni nyepesi: na aache yote. Yeye hakubali, na sisi tunaelekea kuwa upande wake. Burudani si adui wa dini. Inajulikana katika hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, naye akawatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Katika kisa hicho mna mchezo na mna sitara, na mtazamaji ndiye aliyeamua wakati wa kukoma.

Pwani yetu pia si ngeni kwa hofu hizi. Katika miaka ya 1980 wasichana wa Lamu walikuwa wakikusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi katika mikanda ya video, hata mtafiti Minou Fuglesang akaandika kitabu kuhusu jambo hilo, kilichochapishwa Stockholm mwaka 1994. Akina mama wa wakati ule nao walikuwa na wasiwasi wao, wakihofia nyimbo, mavazi na mapenzi ya Kihindi. Lakini mkanda ulikuwa na mwisho wake. Mama alijua umekodiwa duka gani na ni filamu gani, na ulipomalizika mashine ilinyamaza, watu wakaondoka kwenda kusali magharibi.

Leo mashine hainyamazi. Video ikimalizika, nyingine yaanza yenyewe, na haikuchaguliwa na aliyeketi mbele yake. Mwaka 2018, Neal Mohan, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube, alieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu hutumia kutazama hutokana na mapendekezo ya mfumo wao. Kwa lugha nyingine, katika kila saa moja ya kutazama, zaidi ya dakika arubaini ni za sinia lililopakuliwa na mtu mwingine. Mfumo huo haumjui mtoto wa nani ni nani. Unapima tu ni kipi kitakachomshika asiondoke.

Katika mambo ya watoto, sheria zimejaribu kuingia kati. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani, baada ya kutuhumiwa kukusanya taarifa za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Tangu Januari 2020, video zilizotengwa kuwa za watoto hazipasi kuwekewa matangazo yanayomwandama mtazamaji kwa yale aliyokwisha kuyatazama. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo imetaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Hayo ni mema. Lakini mtoto anayetumia simu ya mamake, kwa jina la mamake, huonekana na mashine kuwa ni mama.

Juu ya jambo hili dada yetu hakuwaonea haya akina mama wenziwe. "Mtoto analia, mchuzi uko motoni, mgeni yuko mlangoni. Simu inamnyamazisha. Tumeifanya yaya, na yaya huyu hatukumuuliza ametoka wapi." Yeye mwenyewe ana kanuni nyumbani kwake, na tumeipenda kwa sababu hakuitoa katika semina wala katika kitabu cha malezi. Katika Suratun-Nur tumefunzwa kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Katika sura hiyo hiyo zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumba hupaswa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wazazi wao: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Basi katika nyakati hizo tatu, simu zote za nyumba hiyo huwekwa ndani ya kikapu cha ukindu juu ya kabati, ya baba ikiwa ya kwanza.

"Ikiwa mwanangu wa kumzaa aomba ruhusa," alisema, "kwa nini mtu wa mbali asiyenijua aingie tu?"

Tulimwambia kwamba sisi, kwa upande wetu, tusingempa kabisa simu mtoto wa miaka tisa. Akatuuliza kama tunajua kwamba kazi za shule za mtoto huyo hutumwa kwa WhatsApp. Hatukuwa na la kumjibu.

Kuna jirani yake, binti aliyemaliza shule na hajapata kazi, ambaye anataka video ziwe riziki yake. Dada yetu hamdharau. Amemweleza kwamba serikali nayo ina fungu lake, kwani Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya watengenezaji wa maudhui ya mtandaoni walio wakaazi wa Kenya. Amemsihi pia kwamba siku atakayokubaliwa kulipwa, kazi yake ya kwanza iwe kuingia kwenye mipangilio na kuzifunga aina za matangazo asizoridhia, kabla ya kutazama ameingiza kiasi gani. Kama fedha inayobaki ni safi au ina shaka, hilo tunawaachia masheikh wetu, na tungependa walizungumze waziwazi zaidi kuliko walivyofanya mpaka sasa, maana vijana wanaoishi kwa kazi hii si wachache tena.

Kuhusu video ya nyanya, ukoo umegawanyika. Mjomba mkubwa anataka ifutwe, kwa hoja kwamba haifai marehemu aliyeishi kwa sitara atangulizwe na mpiga debe wa kamari. Binamu wa Maskati, yule yule aliyekuwa wa kwanza kuona haya, ndiye anayeomba iachwe. Hakuweza kuja mazishini, na humwekea mwanawe video hiyo ili asikie Kiswahili cha Mvita kutoka katika kinywa kilichokijua. Ilijaribiwa kutumwa kwa WhatsApp ikiwa vipande vipande, lakini wazee walishindwa kuvipanga, na mtoto mmoja mjuaji akawakumbusha kwamba WhatsApp nayo ilinunuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014. Sasa dada yetu ameinakili video nzima katika diski tatu ndogo: moja iko kwake, moja imepelekwa Maskati na msafiri, na ya tatu imo katika kasha la marehemu, pamoja na tasbihi yake na kifumbu chake.

Jioni ile alituonyesha kitufe cha kuifuta. Alituambia kwamba amekifikia mara mbili na mara zote mbili amerudisha kidole. Tulipoaga, magharibi ikikaribia, alikuwa anakusanya simu za watoto kuzitia kikapuni, na video ya nyanya ilikuwa bado ipo.