Kutengeneza shokola na watoto wadogo



Likizo inakaribia, na wengi wetu tutabaki nyumbani kuchunga wadogo zetu. Mutoto mudogo akikosa kazi, anatafuta matata. Basi ninawaeleza kazi moja wanayoipenda sana: kutengeneza shokola. Lakini somari hadi mwisho, kwa sababu kuko hatari ndani yake, na mimi niliiona kwa macho.

Kwanza, shokola inatoka wapi? Inatoka kwa mti wa kakao. Huku kwetu Likasi mti huo haukubali, juu ya kiangazi chetu ni kirefu na usiku wa mwezi wa sita ni baridi. Unapenda joto, kivuli na mvua ya mara kwa mara. Katika inchi yetu unalimwa upande wa Beni, chini ya mlima Rwenzori, na Mambasa katika Ituri. Ng’ambo ya mpaka, Bundibugyo katika Uganda. Mbegu zinachachishwa siku 5 ao 7, zinaanikwa, zinakaangwa, kisha zinasagwa. Mafuta yake yanayeyuka kwa digrii karibu 34. Mwili wa mtu uko na 37. Ndiyo maana shokola inayeyuka mdomoni.

Sisi hatuna mashini. Tunatumia kakao ya unga ya sokoni. Shokola yetu haitakuwa ngumu kama ile ya magazini, lakini ni tamu. Tafuteni:

– sukari kopo 1
– maji nusu kopo
– majarini vijiko 7 vya mezani
– kakao nusu kopo
– maziwa ya unga makopo 3

Kopo liwe lile lile moja kwa vyote. Hapa ndipo kazi ya watoto inaanza: wanawe mikono na sabuni, wapime, wahesabu kwa sauti, na wachanganye kakao na maziwa katika sahani kubwa mpaka visionekane tena vidonge vyeupe.

Wewe mukubwa, peke yako, chemsha maji, sukari na majarini kwenye mbabula. Vikichemka dakika 3, epua. Ngoja dakika 10. Kisha mwanga kidogo kidogo katika ule unga, ukivuruga na mwiko, mpaka iwe kama bukari laini. Ikipoa kabisa, ita watoto: kila mmoja apake majarini kidogo kwenye viganja na afinyange vidonge. Vitatoka karibu 40. Muachie mudogo kuliko wote kazi ya kugawanya, naye atajifunza hesabu na haki kwa mara moja. Viweke pahali pa baridi, na muvimalize katika siku 2.

Sasa ile hatari. Mwaka jana nilifanya kazi hii nyumbani na wadogo zangu. Nilikuwa na kitabu mkononi, nikijitayarisha kwa Egzameni ya Leta. Mudogo wangu wa miaka 4 aliniambia: «Yaya, na mie minataka kuvuruga.» Nilijibu: «Ngoja kwanza», bila kuinua macho. Hakungoja. Sukari ilimwangikia mkono. Jirani alikimbia na dawa ya meno, akampaka. Alama iko hadi leo. Kosa lilikuwa langu, si la mutoto.

Juu ya nini sukari inaunguza hivyo? Maji matupu hapa Likasi yanachemka kwa digrii karibu 96, kwani tuko juu sana. Lakini maji ya sukari yanapita 100, na kadiri maji yanavyokauka, moto unapanda. Tena sukari inashika ngozi, haitiririki kama maji.

Mtu akiungua: mwangia maji baridi safi dakika 20. Bomba likikosa maji, tumia kopo na bidoni. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala chumvi: vinafunga moto ndani na vinaficha kidonda. Funika na kitambaa safi. Kama malengelenge ni makubwa, ao ni uso ao mikono, enda kwa munganga mara moja.

Tangu siku ile ninachora mstari wa chaki chini, hatua 3 toka mbabula. Wazee wetu waliofanya kazi ya shaba hapa Shituru tangu 1929 walijua kwamba karibu na moto si kila mtu anapita. Watoto wanauheshimu ule mstari, hata wananikumbusha mimi. Mudogo wangu ndiye anayeuchora sasa, kwa mkono ule ule.

Na kitabu? Kitabu kinangoja.

Ni mimi, mukubwa wa wanafunzi, wa darasa la mwisho.